Visamaki vya Birika na Visamaki vya Wadi

Siku mliponiaga pale maabara, mlinitaka niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya friji, kabla ya umeme na kabla ya nyinyi. Nimekubali. Vyeo sitavitaja, na mshahara si khabari ya kumkalisha mtu akasoma. Nitaandika miaka yangu sita ya mwanzo tu, 1964 mpaka 1970, kwa sababu ndani ya miaka hiyo niliijua kazi, na sehemu kubwa niliijua kwa kukosea. Kosa lenyewe lilianzia kwa samaki wasiofika urefu wa kidole changu cha mwisho.

Nilifika Maskati mwaka 1964 pamoja na mama yangu na mjomba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Unguja nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili katika chumba cha kupimia damu: naipaka damu kwenye kioo, naitia rangi, kisha natafuta vidudu vya malaria kwa darubini. Kwa nini tuliondoka mwaka ule hamna haja niwaeleze. Wazee wenu wamekwisha kuwaeleza, kila mmoja kwa namna yake.

Tulipata vyumba viwili Matrah, ubavuni mwa Maskati. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, basi siku ya kwanza nilipokwenda sokoni kutaka vitunguu, mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hotuba imekwisha. Miezi mingi ilipita kabla sijajua kununua kitu bila ya kuhubiri.

Mjomba alisikia kuwa kuna daktari Mgoa mwenye zahanati ndogo, na kwamba aliwahi kufanya kazi Unguja. Akanipeleka. Daktari Menezi alikuwa mtu mwembamba, mvi kichwa kizima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe hasa, ukifumba macho hujui kama ni Mgoa. Hakuniuliza vyeti, na vizuri, kwa sababu vyeti vilibaki Unguja. Alinipa kioo chenye damu iliyokwisha kutiwa rangi, akanielekeza kwenye darubini.

"Niambie unaona nini."

Nikatazama. Nikasogeza kioo kidogo kidogo kama nilivyofundishwa, toka pembe hii mpaka pembe ile. "Sioni kitu, Daktari."

"Tazama tena."

Nikatazama tena. Nilidhani ananipima kama nina macho. "Hamna kitu," nikasema. "Ukitaka nitatazama mpaka alasiri, lakini hamna."

"Basi inatosha," akasema. "Hiyo ni damu yangu mwenyewe, na mimi mzima. Wawili waliokuja kabla yako wote waliniambia nina malaria."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nawaandikia hili kwa makusudi. Mwalimu wangu wa kwanza Maskati alinipa kazi kwa sababu nilikubali kusema sijaona kitu.

Darubini yetu ilikuwa moja, na haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini yake cha kukamatia jua. Asubuhi meza ilikaa dirisha la mashariki, baada ya adhuhuri tukaihamishia la magharibi, na siku za vumbi hatukusoma damu kabisa. Maji ya kuoshea vioo tuliyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Rangi tuliyotumia ikiingia kwenye kucha haitoki wiki nzima. Mama alikuwa akinambia nina vidole vya mtu aliyeiba zambarau.

Malaria ilikuwa nyingi. Ikianza kupungua joto, baada ya tende kuvunwa, watoto waliletwa kutoka vijiji vya pwani, Ghubra, Khoudh na kwengineko, wengine mgongoni mwa punda. Ghubra ya siku hizo msiifikirie kwa maduka na skuli za leo. Ilikuwa mashamba ya mitende, nyumba za barasti, yaani za makuti ya mtende, na chache za udongo, na karibu kila ua una kisima chake. Mbu walizaa humo. Ukiteka maji kwa upawa mweupe uliwaona viluwiluwi wamelala juu ya maji, wamenyooka kama vipande vya uzi.

Daktari alikuwa na fikra yake. Katika wadi ya Khoudh, yaani bonde la kijito linalopita baina ya majabali, mna visamaki vidogo, rangi ya mchanga wenye mistari, vinavyokula viluwiluwi. Alitaka kuvizalisha kwa wingi na kuvitia visimani. Mwaka 1965 akajenga birika la saruji nyuma ya zahanati, chini ya kivuli cha ukuta, akaagiza samaki kutoka wadini, na kazi ya kuwalea ikawa yangu.

Walizaana kupita tulivyotarajia. Niliwalisha unga uliochanganywa na kiini cha yai na dagaa waliosagwa, asubuhi na jioni. Nikisogea tu, wanapanda juu wote, midomo wazi, maji yanachemka kwao. Daktari aliwaleta wageni kuwaona. Alikuwa akitia kidole majini na samaki wanakigusagusa, naye anacheka kimya kimya. Walikuwa wanene kuliko wa wadini, weupe zaidi, na mimi kila siku niliyaona hayo kuwa maendeleo.

Mwaka 1966 tukaanza kuwagawa. Tulikuwa na Land Rover kuukuu na dereva Mbalushi jina lake Murad, mtu asiyesema mpaka aulizwe na akiulizwa hujibu nusu. Mimi nilipewa kazi ya kuingia majumbani, kwa sababu visima viko uani, na uani ni pa wanawake. Kila nyumba nilitia samaki kumi, nikaeleza kazi yao, nikaandika katika daftari.

Nyumba ya nne au ya tano pale Ghubra ilikuwa ya Bi Rayya. Alikuwa rika langu, mrefu, mume wake yuko Kuwait kikazi, na ana mtoto mmoja wa kike, Moza, wa miaka mitatu. Kisima chake kilikuwa na kifuniko cha majani ya mtende, kimesukwa mara mbili na kubanwa kwa mbao. Alikifunua kuteka maji, akakifunika papo hapo.

"Kifuniko hiki uondoe," nikamwambia. "Samaki wanataka mwanga."

"Mama yangu alinifundisha kufunika," akasema. "Visiingie vitu."

"Zamani ilikuwa sawa. Sasa mna samaki. Watakula kila kinachozaliwa humo. Huna haja ya kuwa na khofu."

Alinitazama kidogo, nadhani kwa sababu ya Kiarabu changu, kisha akakisimamisha kifuniko ukutani. Moza alikuja na kikombe chake cha bati akitaka nimteke samaki mmoja awe wake. Nikamtekea, akamtazama, akamrudisha mwenyewe. Tulikunywa kahawa. Kila nilipopita baadaye, Rayya aliniita binti wa Zinjibari, na Moza alinivuta kanga kunipeleka kisimani.

Upawa nilikuwa nao garini. Mara mbili za kwanza nilipopita sikuutia kisimani. Samaki nikiwaona wako hai, wanapanda juu wakiniona, nikaandika katika daftari: samaki wapo, hali nzuri. Hayo ndiyo maneno niliyoyaandika, na daftari ninalo mpaka leo.

Msimu wa malaria ulipoingia, Rayya alimleta Moza asubuhi moja, amembeba kutoka barabarani, Murad akikimbia nyuma yake na shela iliyomwanguka. Homa ilikuwa ya siku nne. Kule kijijini wamempa dawa za mitishamba, na ameshapata degedege mara mbili. Nilimchoma kidole mwenyewe, nikaipaka damu, nikaitia rangi. Mikono yangu ilifanya haraka kuliko nilivyofikiri, na jua lilikuwa zuri siku ile. Vidudu vilikuwa vimejaa, hata sikuwa na haja ya kukisogeza kioo. Daktari alimpiga sindano na kufanya yote aliyoweza kuyafanya. Moza alifariki kabla ya alasiri, kichwa mapajani mwa mama yake.

Rayya aliniuliza: "Damu yake uliiona?"

"Niliiona."

"Ina nini?"

"Malaria."

Akamfunika mtoto uso kwa shela yake, akatutaka tumrudishe Ghubra kabla ya magharibi.

Siku ya tatu nilikwenda kuhani. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani na mimi nilikaa karibu na mlango, kisha nikatoka uani kwa kisingizio cha kutawadha. Safari hii niliuchukua upawa. Nikainama juu ya kisima, kivuli changu kikaanguka majini, na samaki wakapanda. Walikuwa wamebaki watatu. Walifungua midomo wakisubiri unga, na kati yao, ubavuni mwao kabisa, viluwiluwi vilikuwa vinaelea vimenyooka, hapana aliyevigusa. Nikateka. Upawa ulikuwa umejaa.

Nilisimama pale mpaka mwanamke mmoja akaja kuniuliza kama naumwa.

Kesho yake nilimweleza Daktari. Alikuwa akikata kucha za mkono kwa mkasi, na aliendelea kukata.

"Visima vyengine?"

"Nimepita vinane. Viwili tu ndivyo safi. Vyengine samaki wamekufa au wamebaki wachache, na hao wachache hawali."

"Samaki wote wa aina hii wanakula viluwiluwi, Bi Asya. Ndivyo walivyoumbwa."

"Wa wadini labda. Hawa wetu wameumbwa hivyo, lakini mimi nimewalea kwa unga."

Aliuweka mkasi. Lilikuwa birika lake, na nilijua namuumiza. Hakunikaripia. Alisema, "Nithibitishie," akarudi kwa wagonjwa.

Basi nikaanza kulinganisha, na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu hii ndiyo sehemu yenye faida kwenu.

Nilikwenda Khoudh na Murad kuleta samaki wa wadini. Nilimkuta mwanamke mtu mzima akifua nguo penye maji, Bi Zuwena, mjane, aliyenitazama nikikimbiza samaki kwa wavu wa mbu tangu jua linachomoza mpaka limekuwa kali. Nilipata wawili. Hatimaye akainuka, akaivua shela yake ya pili, akaitandaza chini ya maji mahali pamoja, akaiwekea vijiwe, akakaa. Hakufanya kitu. Baada ya muda samaki wakaja juu ya kitambaa wenyewe, naye akaikunja pembe nne kwa mara moja. Nilihesabu zaidi ya thelathini.

"Unawakimbilia," akanambia. "Wao kazi yao kukimbia. Wameanza kabla yako."

Nikawapeleka mjini kwa ndoo ya bati. Zaidi ya nusu walikufa njiani kwa joto. Waliobaki walinitosha kuanza.

Kwanza niliwaweka ubavu kwa ubavu katika bakuli jeupe na kuwatazama tu. Wa birika walikuwa wanene tumboni, rangi imefifia, na mapezi yao yamechakaa ncha, nadhani kwa kujisugua kwenye saruji. Wa wadi walikuwa wembamba, mistari imekoza, mapezi mazima. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiuita unene ule afya.

Kisha nikanunua sokoni mitungi ya kioo ya peremende, ile mirefu yenye mdomo mpana. Samaki mmoja kila mtungi, nusu wa birika, nusu wa wadi, wamefungishwa siku moja bila ya chakula. Kila mtungi nikautia viluwiluwi kwa idadi sawa. Nikaketi na daftari.

Wa wadi hawakula hata kimoja. Walilala chini, wametulia kama mawe. Wa birika walipanda juu, wakagongagonga kioo mbele ya uso wangu, na wengine kwa bahati wakameza kiluwiluwi kimoja au viwili. Daktari akapita, akatazama, akasema, "Mbona wangu wanashinda?" na akaenda zake na furaha kidogo. Nilivunjika moyo. Niliifunika mitungi kwa kanga yangu nisiione, nikenda kusali, nikala, nikasoma vioo vya siku ile.

Nilipoifunua baada ya alasiri, mitungi ya wadi ilikuwa mitupu, hamna kiluwiluwi. Ya birika ilikuwa karibu kama nilivyoiacha. Wale wa wadi walikuwa wakiniogopa mimi. Nilipoondoka walifanya kazi yao. Na wale wangu, nilipoondoka, walinisubiri. Somo hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma tangu hapo: ukimpima kiumbe, kwanza ujue wewe mwenyewe umesimama wapi.

Nilirudia mara nyingi, kwa siku tafauti, na mitungi nikiibadilisha mahali ili jua lisije likawa sababu. Jawabu halikubadilika.

Jaribio la pili lilikuwa la kivuli. Nilichukua kipepeo cha kupulizia moto nikakipitisha juu ya bakuli, haraka, kama ndege. Wa wadi walitoweka chini ya vijiwe kabla mkono haujafika upande wa pili. Wa birika walikifuata kipepeo. Pale nilifahamu samaki saba wa kisima cha Rayya walikokwenda. Ghubra ina ndege wengi, na kisima kilikuwa wazi.

La tatu lilichukua mwezi. Nyuma ya zahanati palikuwa na kisima cha maji ya chumvi kisichotumika. Niliwakata samaki wa birika pembe ya juu ya mkia, na wa wadi pembe ya chini, kidogo tu ili niwatambue, kwa mkasi wa kutarizia kofia alionipa mama bila ya kujua unakwenda kukata nini. Nikawatia ishirini wa kila upande. Mwezi ulipokwisha nikawavua kwa shela, kwa namna ya Bi Zuwena, siku tatu mfululizo. Wa wadi nilipata wengi wao. Wa birika walikuwa wanne, wamekonda vichwa vikubwa kuliko miili.

Nilimwita Daktari kisimani. Alichuchumaa juu ya ndoo kwa muda mrefu, akiwageuza mmoja mmoja kuitazama mikia. Alipoinuka magoti yake yalilia.

"Nilikuwa nawaonesha wageni," akasema.

"Na mimi nilikuwa nawapenda," nikasema.

"Unga usimame leo."

Hapo nikamwambia kuwa nataka kwenda kwa Bi Rayya kumweleza. Alikataa, si kwa ukali. Alisema mtoto huenda aliumwa na mbu wa shamba la jirani, au wa zizini, au wa nyumba ya shangazi yake. "Huwezi kuthibitisha mbu gani," akasema.

"Siwezi. Lakini kifuniko ni mimi niliyemwambia akiondoe, na upawa ni mimi niliyeuacha garini. Hayo hayana haja ya kuthibitishwa."

Daktari akasema, "Ukienda, sema kuwa birika lilikuwa langu."

Nilikwenda. Rayya alikuwa akipeta mchele uani. Nilikaa chini mbele yake, nikamweleza yote kwa Kiarabu changu: samaki, unga, kifuniko, upawa. Nilisema birika lilikuwa la Daktari na maneno yalikuwa yangu. Hakuacha kupeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka ungo.

"Ulijua?"

"Sikujua. Lakini ilikuwa kazi yangu kutazama, na sikutazama."

"Mimi nilikuwa nakiona kifuniko ukutani kila siku," akasema. "Kila siku nafsi yangu inanambia kirudishe. Nikasema yule kasoma."

Rayya akainuka, akakileta kifuniko, kimechakaa upande mmoja, akakiweka juu ya kisima, akakikanyaga kwa mguu kikae.

"Samaki wako usiwatie tena humu," akasema. "Kuja, njoo. Kutazama, tazama. Lakini usitie kitu."

Nikakubali.

Miaka miwili iliyofuata tulijitahidi kwa njia mbili. Daktari alilibadilisha birika: akatia mawe na majani ya wadini, akakataza kila mtu kutia mkono, akataka samaki walishwe viluwiluwi tu. Mimi nilipewa kazi ya kuwatisha kwa kipepeo mara kadhaa kwa siku. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri waliniona nikilipigia birika kipepeo, na sijui waliokwenda makwao walisema nini. Samaki waliozaliwa katika hali hiyo walikuwa bora kuliko wa mwanzo. Walikula, na walikimbia. Lakini kila nilipowalinganisha na wa wadini, walikuwa nyuma.

Njia ya pili ilikuwa kuwachukua wa wadini moja kwa moja, na shida yake ilikuwa safari. Hapa aliyenifundisha ni Bi Zuwena. Alinambia niiache ndoo ya bati, nitumie jahla, mtungi wa udongo unaotoa jasho, kwani maji yake hubaki baridi. Samaki wachache kila jahla. Wavuliwe alfajiri. Mdomo ufungwe kwa kitambaa kibichi. Na wakifika kisimani wasimwagwe, mtungi ushushwe kwa kamba, maji ya kisima yaingie kidogo kidogo, watoke wenyewe watakapo. Nilimuuliza kajuaje. Akasema, "Mimi nilihamishwa kwetu nikiwa bibi harusi. Nilimwagwa." Murad, aliyekuwa amesimama kando, alicheka. Mara ya kwanza kumsikia.

Toka hapo walikufa wachache sana njiani.

Kila baada ya wiki mbili nilipita Ghubra na upawa, nyumba kwa nyumba. Visima vyenye samaki wa wadi vilikuwa vizuri. Kisima cha Rayya, kisicho na samaki hata mmoja, kilikuwa kizuri kuliko vyote. Niliandika hivyo katika daftari, wiki baada ya wiki, na haikuwa raha kuandika. Kisha nikampelekea Daktari ile orodha, akaisoma, akavua miwani.

"Kwa hiyo kifuniko kinashinda samaki wa aina zote mbili."

"Pale kinaporudishwa papo hapo, ndiyo. Wengi hawafuniki. Wanasema kizito, au kimeoza."

"Nani anajua kukisuka?"

Nilirudi kwa Rayya kumuuliza. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Safari iliyofuata alinijia mwenyewe garini, amebeba majani ya mtende yaliyoloweshwa, akanitaka nimpeleke nyumba ya kwanza. Mpaka msimu ulipoingia alikuwa amewasukia majirani au amewafundisha kusuka, na vifuniko vyake vilikuwa vyepesi, hata mtoto aliweza kuvinyanyua na kuvirudisha. Upawa aliuomba awe nao. Nikampa. Aliutumia kwa ukali ambao mimi sikuwa nao. Mwenye kisima kichafu alisikia sauti yake mpaka nyumba ya tatu.

Hatukuwa marafiki, sitaki kudanganya. Aliniita Asya badala ya binti wa Zinjibari, na kahawa ilirudi, lakini Moza hatukumtaja. Mara moja tu, mwaka 1969, mume wake alipokuwa amekuja likizo na yeye ana mimba ya mtoto wa pili, aliniuliza kama bado nina kile kioo cha damu ya siku ile. Nikamwambia ninacho. Akataka kukiona. Nikamkalisha mbele ya darubini, nikamkamatia jua, akatazama kwa jicho moja na jingine amelifunika kwa kiganja.

"Vidogo namna hii," akasema.

Kisha akanitaka nikivunje. Nikakivunja mbele yake.

Mwaka 1970, aliposhika Sultani mpya, mambo mengi yalibadilika nchini kwa pamoja, mnayajua. Wenzetu wengi wa Unguja walianza kuja huku Omani, idara mpya zikafunguliwa, na Daktari Menezi, ambaye macho yalikuwa yakimsumbua, aliamua kurejea kwao Goa. Siku chache kabla ya kuondoka kwake alikuja afisa kijana wa idara mpya, mpole, aliyesoma ng'ambo, viatu vyake vinang'ara. Alitaka kuona visima vya Ghubra. Alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki wenye samaki, na ramani ya mabirika ya saruji anayotaka kuyajenga kila kijiji. Sote watatu tulikwenda, Murad akiendesha.

Njiani nilitaka kumweleza. Daktari akanigusa mkono, akatikisa kichwa.

Rayya, aliyekwisha kuarifiwa na kujitanda shela, alitufungulia, mwanawe wa kiume begani, upawa umetundikwa mlangoni. Kijana akamsalimia vizuri, akamwonesha mfuko, akaanza kumweleza faida za samaki. Rayya alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauchukua mfuko, akaunyanyua kwenye jua, akapitisha kiganja juu yake. Samaki wakakifuata kiganja.

"Hawa wamezaliwa wapi?" akauliza.

"Birikani, mama. Mjini."

"Wanakula nini?"

Kijana akanitazama mimi. "Mjibu yeye," nikamwambia. "Yeye ndiye anayeuliza."

"Unga," akasema. "Unga na yai."

Rayya akamrudishia mfuko kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyorudisha sahani ya jirani. "Kaa," akamwambia. "Utakunywa kahawa, kisha nitakueleza." Akamkabidhi Daktari mtoto, akatandika mkeka karibu na kisima. Kijana alivua viatu, akakaa, akatoa daftari mfukoni.